Darasa la Nyumbani: Spika Nzito Juu ya Sakafu ya Mbao



Wapenzi wasomaji, mwezi huu twazungumza jambo ambalo pengine baadhi yenu mtaliona dogo kwa ukurasa huu. Nalo ni jinsi ya kusimamisha zile spika ndefu na nzito, zinazokaa chini bila ya meza, katika chumba chenye sakafu ya mbao, pasina kuidhuru sakafu hiyo. Lau tungaliulizwa mwaka uliopita tungalijibu upesi, na jibu letu lingalikuwa la makosa. Twasema hivi kwa yakini, kwani jibu hilo tulikwisha kulitoa kwa kijana mmoja wa huku kwetu Kibosho, na hasara yake tumeiona kwa macho.

Kijana huyo akaa katika nyumba ya marehemu baba yake, ndani ya kihamba. Nyumba ya zamani iliyoinuliwa juu ya msingi wa mawe na kutandikwa mbao. Alinunua mjini Moshi spika mbili, kila moja kilo 32, kimo chake chamfika mtu mzima kiunoni. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka watu wa nyumbani wasikilize usomaji wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, yule aliyesajili Qur'ani nzima kwa tartili mwaka 1961, na wasikilize pia kasida siku za Maulidi. Alipotuuliza juu ya sakafu tulimwambia, "Tandika zulia, mwanangu, yatosha."

Zulia halikutosha. Chini ya kila spika mlikuwa na miguu minne ya chuma iliyochongoka kama misumari, na baadaye ndipo tulipofahamu kwamba watengenezaji huichonga makusudi ili ipenye zulia na kulifikia lililo gumu chini yake. Basi zulia letu halikuzuia kitu, lilificha tu. Lilipoinuliwa mwisho wa Ramadhani, watu wakisafisha nyumba kwa ajili ya Idi, palionekana matundu manane, na mguu mmoja ulikuwa umezama katika ubao uliokwisha kuliwa na dumuzi.

Dada yake mkubwa, aliyekuja kwa sikukuu, aliyatazama matundu kwa kitambo, kisha akatugeukia. "Maalim," akasema, "spika ni zake. Lakini ubao huu na sisi tumo."

Neno lile lilitunyamazisha, kwa sababu ni kweli. Kwa mila za Kichaga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye huachiwa nyumba ya baba, na kijana wetu alikuwa amezoea kuiita nyumba yake. Lakini marehemu alikuwa Mwislamu, na Suratun-Nisaa, aya ya 7 na ya 11, imekwisha kumpa mwanamke fungu lake katika aliyoyaacha mzazi. Mirathi ile haijagawanywa. Zaidi ya hayo, mmoja wa wana alifariki baada ya baba yao, naye ameacha mtoto mdogo, na haki ya baba yake imemrudia yeye pamoja na warithi wengine. Walio wazima waweza kusameheana matundu. Yatima hawezi kusamehe, wala mlezi wake hana ruhusa ya kumsamehea hasara. Aya ya 10 ya sura hiyo hiyo kila aliyepita chuoni ameisoma.

Tulimwendea fundi seremala, mzee ambaye amekarabati nyumba nyingi za namna hii mlimani, tukamwomba atusomeshe. Naye alitufundisha kwa hesabu nyepesi. Kilo 32 zikigawanywa kwa miguu minne, kila mguu wapata kilo 8. Ncha ya mguu ule, ikiwa upana wake ni milimita moja ya mraba, basi kani yake ni sawa na kilo 800 juu ya sentimita moja ya mraba. Mtu mzima wa kilo 70 akisimama kwa nyayo zake mbili, kila sentimita ya mraba haipati hata nusu kilo. Ndiyo maana watu kumi hucheza dufu juu ya sakafu ile isitoboke, na spika isiyotikisika ikaitoboa. Uzito si kosa. Kosa ni uzito kukusanywa mahali padogo.

Dawa, basi, ni kuutawanya. Miguu ile mara nyingi hufunguka kwa kuzungushwa, na afadhali ifunguliwe. Mwenye kutaka kuiacha na aweke chini ya kila mmoja sarafu au kisahani cha chuma: sarafu yenye upana wa sentimita 2 na nusu yaushusha mzigo ule wa kilo 800 hata usifike kilo 2. Lakini lililo bora kwetu ni bamba la jiwe lililosawazishwa, sentimita 30 kwa 40, unene wa sentimita 4. Jiwe lenyewe lina kilo 12 hivi; pamoja na spika ni kilo 44, na zikienea sawasawa kila sentimita ya mraba yapata gramu 37 tu. Tena jiwe pana huizuia spika isipinduke mtoto anapoishika, na jambo hili kwa wenye watoto wadogo ni kubwa kuliko sakafu.

Chini ya jiwe pawekwe kipande cha blanketi kuukuu. Pasiwekwe mpira, kwani mpira ukikaa miezi juu ya mbao zilizopakwa vanishi huacha doa jeusi lisilotoka. Pafutwe vumbi kwanza, maana vumbi letu la mlimani lina chembe ngumu zikwaruzazo. Na wakati wa masika, Machi hata Mei, jiwe liinuliwe kila baada ya wiki chache kutazama kama unyevu umeshikwa chini yake. Wakati wa kuhamisha, spika ibebwe na watu wawili, isiburutwe.

Mahali pa kuiweka napo pana elimu yake. Tazama misumari ya sakafu: palipo na mstari wa misumari ndipo boriti ipitapo chini. Jiwe lilalie boriti mbili, karibu na ukuta ambapo boriti zimeegemea mawe, si katikati ya chumba zinapopinda. Na kabla ya yote, gonga ubao kwa kifundo cha kidole na uuchome kwa ncha ya kisu. Ukilia kama debe tupu au kisu kikizama, mwite fundi kwanza.

Limebaki moja ambalo vijana hawapendi kulisikia. Sakafu ya mbao haidhuriwi na uzito peke yake. Yatikiswa na sauti nzito, ile waiitayo besi, na mtikiso huo huilegeza misumari na kuwafikia waliolala chumba cha pili. Wazee watakumbuka jinsi sindano ya santuri ilivyokuwa ikiruka mtu akipita kwa kishindo juu ya mbao. Sasa mambo yamegeuka, chombo ndicho kitikisacho nyumba. Spika ikisukumwa kwenye pembe ya ukuta besi huzidi. Basi iachiwe nafasi ya dhiraa moja. Sauti ya msomaji wa Qur'ani haihitaji besi hiyo hata kidogo. Kijana alipoipunguza, maneno ya Sheikh al-Husary yalisikika wazi zaidi kuliko mwanzo, na hilo alikiri mwenyewe bila ya kulazimishwa.

Msimamizi wa mirathi amekwisha kupeleka maombi Mahakama ya Mwanzo, ili kila mmoja apate lake. Mbao mbili zilizotoboka zimetolewa. Kijana alitaka kukata mgrivea mmoja wa kihambani apasue mbao mpya. Dada yake akamkumbusha kwamba na mti ule umo katika mirathi. Amenunua mbao mjini, kwa fedha yake.