Mutoto wa muchimbaji asome politiki na dizaini

Kila mwaka, kisha matokeo ya Exetat kutoka, mu nyumba za wafanyakazi wa mines kunaanza mabishano moja: mutoto aingie fakulte gani? Papa anataka Polytechnique ao geologia, mama anataka medsini. Mutoto akisema anataka kusoma politiki na uhusiano wa inchi za inje, na tena dizaini, wote wanacheka: «Politiki ni ya wakubwa, kuchora ni ya watu bila kazi. Utakula nini?»

Ba papa na ba mama, musicheke mbio.

Tuanze na mufuko wenu. Code minier ya 2018 inagawanya «redevance» ya mines hivi: 50% ku serikali ya Kinshasa, 25% ku provinsi, 15% ku komine ao sheferi kwenye mugodi iko, na 10% ku mufuko wa vizazi vya kesho. Inalazimisha tena kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mugodi, na kuandikiana nao «cahier des charges». Ni haki yenu. Lakini mu kartie yenu, watu wangapi walikwisha kuona ile karatasi, na kuielewa? Iko mu kifaransa cha wanasheria. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Na daftari isiyosomeka ni sawa na kukosa daftari.

Hapo njo kazi ya yule mutoto inaonekana. Masomo ya politiki yatamufundisha nani anaamua juu ya shaba na kobalti yetu, na juu ya nini Kinshasa na kampuni za Wachina walipatana mu 2008, kisha wakarudilia mapatano mu 2024. Dizaini itamufundisha kuchora karte na hesabu vile mama wa soko ataona yeye mwenyewe makuta inatoka wapi na inapotelea wapi. Dizaini haiko kupamba ukuta tu.

Hapa kwetu hii haiko mambo mapya. Mu 1960, Katanga ilipojitenga, iliweka misalaba tatu za shaba ku drapo yake. Ile politiki iliisha mu 1963, lakini watu wangali wanakumbuka ile picha. Mu 1941, wafanyakazi wa Union Minière walifanya greve juu ya mushahara, askari wakawapiga masasi. Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji wa hapa, aliwachora wale wafu, na leo mutu anaweza kuwaona hata kama hakusoma kitabu. Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, alisoma ku UNILU na kisha akasoma picha kule Strasbourg. Ulimwengu uliona mashimo na majengo ya Gécamines mu kazi yake.

Mu Australia kuko universite zinazoruhusu kijana asome politiki na dizaini pamoja na kutoka na diploma mbili. Huku UNILU inafundisha relations internationales, na muji wetu unafundisha Beaux-Arts tangu 1951. Sasa LMD inahesabu krediti, 60 kwa mwaka. Basi wakubwa wa masomo wakae pamoja wafungue njia moja. Na kampuni zinazotoa burse zisifikirie enjenyere peke yake.

Hatutawadanganya: masomo mbili yanaomba miaka mingi na minerval mingi, na diploma haiko kazi. Hata ile ya Polytechnique vilevile. Kwa hiyo mutoto akiwaambia, mumuulize: wapi, miaka ngapi, bei gani, na kisha utafanya nini? Kama iko na majibu, mumusaidie. Siku kampuni italeta karatasi ku kartie, mutafurahi kama mutu wenu iko ku meza.