Tumwone Mtu Kabla ya Kura

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alitupa somo ambalo hatukulipata seminarini.

Ilikuwa Desemba ya mwaka wa 2023, siku chache kabla ya kura ya tarehe 20. Mwaka ule, pamoja na Rais na wabunge, watu wa miji mikuu ya majimbo walichagua pia washauri wa komini, ambao kwa sheria ndio wamchaguao burgumestri. Jumuiya yetu ya kikristo iliwaalika wagombea watatu wa kiti hicho, waje kila mtu kwa siku yake, waketi nasi uani kwa jirani, waulizwe. Padri hakuja, naye alifanya vema, maana kanuni ya 287 ya sheria ya Kanisa yawazuia makleri wasijitie katika vyama vya siasa. Lakini mlei hakuzuiwa kuuliza. Wako wadhanio ya kuwa kuuliza mambo ya serikali ni nusu ya dhambi. Hata sisi tulipokuwa wadogo tulidhani hivyo.

Mgombea wa kwanza hakushuka garini. Alimtuma kijana na fulana na chumvi, kipaza sauti kikiimba jina lake. Twakiri ya kuwa chumvi tuliipokea.

Wa pili alisema vizuri mno, tena kwa Kifaransa kingi: barabara, hospitali, kazi kwa vijana wote. Tukampigia makofi. Ndipo akasimama mama yule, mjane auzaye makaa, akasema: “Baba, mfereji wa njia yetu wapeleka maji wapi?” Bwana yule akajibu kwamba ataleta mafundi. Mama akasema tena kwa upole: “Sikuuliza utafanya nini. Nimeuliza maji yanakwenda wapi.” Hakujua. Na mvua za mwezi ule zilikuwa zimekwisha kula sehemu ya kiwanja cha mama, mpaka karibu na ukuta wa jiko.

Sisi walimu tuliona haya, kwa kuwa swali hilo halikutujia, ingawa twapita mferejini kila asubuhi.

Na haya yetu yalikuwa na sababu nyingine pia. Tarehe 30 Desemba 2018, mbele ya mashine ya kupigia kura, tulimchagua mtu kwa picha yake na namba yake. Hatukuwa tumemwona hata mara moja. Baadaye, tulipotaka kumkumbusha ahadi zake, hatukujua hata mlango wa kubisha. Wala sheria haikutusaidia. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 101, yasema ya kuwa mbunge ni mjumbe wa taifa lote, na kwamba agizo lolote la kumfunga mikono ni batili. Hekima yake ipo, tusiidharau: mjumbe asiwe mtumwa wa kijiji kimoja. Lakini maana yake kwetu ni kwamba mtu akiisha kuchaguliwa hatuna kamba ya kumvutia kwa miaka mitano. Kwa hiyo ni kabla ya kura tu ndipo aweza kulazimika kuketi kwenye kiti chetu kibovu na kutusikiliza.

Wazee walipopiga kura mara ya kwanza mjini hapa, Desemba 1957, mji ukiitwa bado Elisabethville, waliopiga walikuwa wanaume tu. Mama yule asingalipewa hata karatasi. Leo anayo kura sawa na yetu, na swali bora kuliko letu.

Tukamngoja wa tatu. Alikuja kwa miguu, amechelewa, shati limelowa. Hakuwa msemaji. Mama akamwuliza neno lile lile la mfereji. Akafikiri kidogo, akasema: “Mama, sijui. Ni mbali?” Basi wakatoka, mama mbele, yeye nyuma, na watoto wakiwafuata kwa kelele. Tulipowafikia, yule bwana alikwisha kuvua viatu, amesimama katika tope karibu na jiko, akimwuliza mama maji huanza kupanda saa ngapi.

Wasomaji watataka kujua tulimpa nani kura. Kura ni siri.