Koti la Kijana wa Bodaboda: la Kondoo, la Ngozi au la Nailoni?



Kipupwe kikianza, mwezi wa sita na wa saba, akina mama wa huku kwetu Mbagala huniuliza swali moja, iwe nimekaa pale zahanati au tunatoka ibadani: "Dada, kijana wangu anaendesha bodaboda usiku. Nimnunulie koti gani?" Wengi huwa wamekwisha kuyaona yale makoti mazito yanayotundikwa Tandika na Karume, ya rangi ya kahawia, yenye manyoya ndani na kola pana inayofunika masikio. Na muuzaji huwa amekwisha kuwaambia kwamba hayo ni makoti ya marubani wa vita.

Nami niliambiwa hivyo hivyo. Leo naomba tuzungumze habari za makoti, maana mimi nililipa ada ya kujifunza.

Mwaka juzi mpwa wangu, mtoto wa mdogo wangu, alikuja kukaa kwangu akapata pikipiki ya mkataba. Kijiwe chake kiko Rangi Tatu, na abiria wake wengi ni wa kuanzia saa nne za usiku mpaka alfajiri. Haukupita muda akaanza kukohoa. Mimi, muuguzi wa miaka ishirini kazini, nikasema maneno yale yale ambayo bibi yangu angeyasema: upepo umemwingia kifuani. Jumamosi moja nikadamka kwenda Tandika, saa wanapofungua marobota.

Muuzaji, kijana mwenye adabu, alinitandikia makoti matatu juu ya turubai. "Mama, haya yote ni ya marubani. Chagua moyo unapopenda."

Kwa upande wa asili yake hakuwa mwongo. Lile la kwanza, la ngozi ya kondoo, lilifuata mtindo uliobuniwa miaka ya 1930 na Leslie Irvin, Mmarekani aliyekuwa na kiwanda cha miavuli ya kurukia huko Letchworth, Uingereza. Marubani wa Uingereza walilivaa sana katika Vita Kuu ya Pili. Wamarekani nao walikuwa na la kwao la kondoo, waliloliita B-3, lililoanza kutumika mwaka 1934. Kisa chake ni kwamba kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyopoa, kama nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1000. Ndiyo maana Kilimanjaro ina barafu kileleni ingawa iko karibu na ikweta. Ndege za mabomu za wakati ule zilipaa mita 7000 na zaidi, nyingine zikiwa na madirisha wazi ya wapiga bunduki, na baridi ya huko hufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Vidole viliganda, watu walipoteza masikio. Koti lile lilikuwa chombo cha kazi kama jembe au stetoskopu.

La pili lilikuwa la ngozi tupu, bitana nyepesi, kiuno na vikuku vya mikono vimefumwa kwa uzi. Hilo ni mtoto wa koti la Kimarekani liitwalo A-2, la mwaka 1931, lililoshonwa kwa ngozi ya farasi na baadaye ya mbuzi pia. La tatu lilikuwa la nailoni, rangi ya kijani iliyofifia, na ndani bitana ya rangi ya chungwa iliyokolea. Mtindo huo ni wa miaka ya 1950, zilipokuja ndege za jeti. Chumba cha rubani kilikuwa chembamba, na ngozi ikilowa chini kisha ikapanda kwenye baridi hukakamaa. Ile rangi ya chungwa iliwekwa ili rubani aliyeanguka aligeuze koti ndani nje, waokoaji wamwone kwa mbali.

Lakini ndugu yangu, usidanganyike kwamba unanunua koti lililoruka vitani. Makoti yenyewe ya vita sasa yana miaka zaidi ya 80, ngozi yake imekauka na hupasuka kama mkate mkavu, na yako katika majumba ya makumbusho na kwa watu wanaoyakusanya kwa fedha nyingi. Linalofika Tandika ni mjukuu wake, lililoshonwa miaka ya karibuni kwa ajili ya urembo. Hilo si kosa. Kwa kuvaa kila siku mjukuu ni afadhali kuliko babu.

Mimi nikachagua la kondoo. Tulianzia elfu themanini tukafika elfu hamsini na tano, nikarudi nyumbani nimejaa furaha. Mpwa wangu alilipenda mno. Alilivaa kama wavaavyo vijana wa vijiweni, kinyume, zipu ikiwa mgongoni, kifua kikabiliane na upepo. Kijiweni wakampa jina la Kamanda.

Koti lile lilikuwa na uzito unaokaribia kilo tatu. Sufu hutia joto kwa sababu kati ya nyuzi zake hewa hunaswa, na hewa iliyotulia haipitishi baridi upesi. Tena sufu hunywa jasho jingi kabla mtu hajasikia unyevu. Huko juu angani sifa hiyo ni ya kuokoa maisha. Kwetu Dar es Salaam, ambako hata usiku wa Julai ni nadra joto kushuka chini sana ya nyuzi 18, koti hilo hunywa jasho usiku kucha bila kukauka. Wiki ya pili mgongo wa kijana ulijaa vipele vya joto. Wiki ya nne lilianza kunuka. Nikalitundika juani, halikukauka hadi ndani. Na masika yalipofika likaota ukungu mweupe kwenye mishono, ingawa lilikuwa kabatini.

Hayo yote ni madogo. Kubwa ni kwamba koti lilinifumba macho.

Kijana aliendelea kukohoa. Akiamka mchana, shuka limelowa. Nikasema ni joto la bati na lile koti. Akawa anapungua, lakini nilikuwa namwona jioni tu akitoka, amevaa manyoya, amejaa kama rubani kweli. Siku moja aliinama kuchota maji akiwa hana shati, nikaziona mbavu. Nilisimama pale na ndoo yangu nikaona aibu isiyo na kifani. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho jingi wakati wa kulala, kupungua uzito: hayo nimewafundisha akina mama kwa miaka mingi, tena kwa picha ukutani. Makohozi yalipimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita, bila malipo kama ilivyo kwa kila mgonjwa wa kifua kikuu katika hospitali zetu za serikali, na leo mzima. Lakini miezi ile mitatu niliyopoteza nikiliangalia koti badala ya kumwangalia mtoto, sijaisahau.

Basi tuweke jambo hili wazi. Nimonia na kifua kikuu huletwa na vimelea, haviletwi na upepo wa barabara ya Kilwa. Baridi humchosha mwendeshaji, humfanya vidole viwe vizito kwenye breki, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kumvika. Ila koti si dawa ya kifua.

Sasa turudi kwenye lile turubai la Tandika. Kwa kijana wa bodaboda wa Temeke au Kinondoni, leo ningechukua la ngozi kama mfuko unaruhusu. Nimeosha vidonda vingi vya vijana waliokwaruzwa na lami, najua tofauti ya aliyevaa ngozi na aliyevaa fulana. Ngozi huchanika badala yake. Upepo nao haupiti. Mchana huivua na kuifunga kwenye kiti. La nailoni ni jepesi, linafuliwa, linakauka kwa saa chache, na bei yake ni nusu au chini ya hapo, kwa hiyo mama mwenye wana watatu asijilaumu akilichukua. Walakini nailoni huyeyuka. Ikigusa ekzosi ya moto hushika kwenye ngozi ya mtu, na kuibandua ni kilio. Tena ile bitana ya chungwa isiwadanganye: huonekana mchana, usiku haing'ai yenyewe. Juu ya koti lolote avae kizibao chenye mikanda inayorudisha mwanga, na kichwani helmeti iliyofungwa kidevuni, si ya kuning'iniza mkononi.

Na huko kuvaa kinyume? Wengi wamezoea na siwezi kuwazuia wote, ila koti zito lenye zipu mgongoni ni vigumu kulivua upesi mtu akiumia. Nimeshuhudia tukihangaika na mkasi.

Ukienda kununua, usitegemee maneno. Fumbua manyoya kwa vidole utazame mizizi yake. Kama yametoka kwenye ngozi yenyewe ni ya kondoo. Kama chini unaona kitambaa kilichofumwa, ni bandia. Kwa ruhusa ya muuzaji ng'oa nyuzi mbili uziwashe: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuwa majivu, ya bandia huyeyuka na kuganda kama ushanga. Ngozi nayo itazame sehemu iliyokatwa, ndani ya mfuko au chini ya kola. Ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi. Ile ya bandia ina utando laini uliobandikwa juu ya kitambaa, na kwa unyevu wa pwani yetu utando huo hubanduka magamba magamba. Nimeona koti la namna hiyo likimwacha mwenyewe na unga mweusi shingoni mbele ya wakwe.

Wengine huogopa upele wa mitumba. Mdudu wa upele akitoka kwenye mwili wa mtu haishi zaidi ya siku tatu hivi, na robota limekaa baharini wiki kadhaa, kwa hiyo hakuja na meli. Lakini sokoni mmejaribu koti hilo watu kumi asubuhi hiyo hiyo. La nailoni lifue, ulianike juani. La ngozi au la kondoo usilitumbukize kwenye maji ya moto, litasinyaa na kuwa gumu kama ubao. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja, kisha lifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na ulianike kivulini penye upepo.

Jambo moja zaidi, na hili si la afya. Muuzaji akikuletea lenye mabaka, au lenye nembo na vyeo vya jeshi begani, mrudishie hata akikupa kwa elfu tano. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe, na sheria inayokataza jambo hilo ipo. Kijana akisimamishwa usiku barabarani, kueleza kwamba mama mkubwa alilinunua Tandika ni kazi ngumu. Kahawia tupu au nyeusi tupu haina ugomvi na mtu. Lile la kijani mimi ningelikwepa pia, ningetafuta la bluu.

Lile koti la kondoo sikulitupa. Nilifuta ukungu, nikalianika kivulini siku kadhaa, nikampelekea shemeji yangu Makete kwa basi. Kule ni juu sana, zaidi ya mita 2000, na mwezi wa saba asubuhi kuna siku majani huwa meupe kwa umande ulioganda. Kabla ya kulivaa alinipigia simu akaniuliza kwa sauti ya chini kama halitawaletea ugonjwa wa yule kijana. Nikamwambia kifua kikuu hupita kwa hewa ya mtu anayekohoa, hakikai kwenye nguo. Sasa ananiambia analivaa kwenda kukamua ng'ombe, na mama mkwe akiliona limetundikwa ukutani huliteremsha akalikalia karibu na moto. Mwaka huu ameniomba nimtafutie jingine.