Mzigo Mzito Usimpe Mnyamwezi

"Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Kocha alitamka maneno hayo huku akiniongezea kilo tano kila upande wa chuma, na jimu nzima ikacheka. Nami nikacheka. Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Sisi ni watani, na utani wetu ni wa zamani kuliko reli. Nikainama, nikashika chuma, nikakinyanyua kutoka sakafuni mara nne. Mara ya tano kitu kikafyatuka kiunoni. Wiki mbili zilizofuata niliandika tasnifu yangu nikiwa nimelala kifudifudi, kompyuta ikiwa sakafuni mbele yangu.

Kocha alikuja kuniona na mfuko wa maembe. Ni kijana mwema na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na ule msemo, na karatasi iliyobandikwa ukutani mwa jimu ile, na fikra moja inayoviunganisha vyote viwili: kwamba mzigo hupangwa kwanza, kisha anatafutwa mtu wa kuubeba.

Karatasi yenyewe inasema: siku tano kwa wiki, seti tano, marudio matano, ongeza uzito kila wiki. Haimtaji mtu. Inamhusu dereva wa bodaboda anayekaa juu ya pikipiki saa kumi na mbili, muuguzi anayetoka zamu ya usiku, kijana wa miaka kumi na tisa anayetaka kifua cha kupigia picha, na mimi niliyekwenda pale kwa sababu mgongo ulikuwa umechoka na kiti cha maktaba. Watu wanne, safari nne, mzigo mmoja. Wakulima wa nchi hii wana neno la mzigo wa namna hiyo: lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, kwa vipimo vya mnunuzi. Anayeumia ni aliyelima na aliyebeba. Serikali imepiga marufuku lumbesa sokoni. Kwenye jimu bado tunaifunga kila siku, tena tunalipia.

Nilikuja Tabora kusoma habari za wapagazi, kwa hiyo nikiwa nimelala pale sakafuni nilikuwa na muda wa kutosha kujiuliza ule msemo umetoka wapi. Katika karne ya 19, kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, pembe za ndovu zilitoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo juu ya mabega ya watu, na vitambaa, shanga na waya za shaba zikarudi kwa njia ileile, zaidi ya kilomita 700. Mzigo wa kawaida ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi, bila kuhesabu mkeka, chungu na silaha za mpagazi mwenyewe. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo kuliko watu wengine wote wa njia ile. Msemo ulizaliwa hapo, na mwanzoni huenda ulikuwa sifa.

Lakini tazama msemo unavyoificha kazi yenyewe. Anayeusikia leo hudhani kwamba Mnyamwezi alizaliwa na bega la chuma, mbebe mzigo wowote, hatasema kitu. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh mwaka 1857, hakuwapenda Waafrika, na maandishi yake yamejaa dharau. Hata hivyo aliona jambo ambalo msemo haulisemi: watoto wa Unyamwezi wa miaka sita au saba walikuwa wakitembea na kipembe kidogo begani. Hiyo si damu. Hayo ni mazoezi ya miaka mingi, kuanzia mzigo mdogo, kwa njia ileile na kwa bega lilelile litakalobeba ukubwani. Kocha wangu alinipa wiki tatu.

Tena wapagazi hawakubeba kwa mtindo mmoja. Wanyamwezi wengi walipenda kubeba begani, ilhali wapagazi wa pwani walipenda kichwani. Bunda la kitambaa lilifungwa kati ya fito ndefu, ili mtu akipumzika aliegemeze kwenye mti bila kuinama na kulinyanyua upya kutoka chini. Pembe iliyomshinda mtu mmoja ilining'inizwa kwenye mti, ikabebwa na wawili. Pembe kubwa zilichukuliwa na wenye nguvu, waliotangulia nyuma ya kirangozi, kengele ya ng'ombe ikilia kwenye ncha ya pembe. Nyuma yao wakaja wa vitambaa na shanga, kisha wa vitu vyepesi. Wanawake nao walikuwemo, na vyungu, chakula na watoto. Na mzigo ulipozidi, mpagazi aligoma, au aliutua usiku akatoroka. Alikuwa mtu wa ujira, alijua bei ya bega lake.

Simaanishi kwamba msafara ulikuwa shule ya afya. Watu walikufa njiani kwa ndui na njaa, na pembe zile zilikwenda kutengeneza funguo za piano katika nyumba za watu ambao hawakujua Tabora iko wapi. Nasema tu kwamba hata katika kazi ngumu kiasi kile, swali la nani anabeba nini, kwa namna gani, hadi wapi, liliulizwa kila asubuhi. Sisi tulio na elimu na simu tumeliacha swali hilo, tukabaki na kilo.

Wapo watakaoniambia: sayansi imeshaonyesha mpango ulio bora, fuata huo. Haya, tuisikilize sayansi. Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya watu 585 waliofanya mazoezi ya mkono mmoja kwa wiki 12, mpango uleule kwa wote. Kuna ambao msuli wao haukukua kabisa, na kuna aliyeongezeka kwa asilimia 59. Nguvu ya kunyanyua kwa baadhi haikupanda hata kidogo. Kwa mwingine ilipanda kwa asilimia 250. Mpango mmoja, miili 585, majibu 585. Ukiwa yule wa chini, karatasi ya ukutani itakwambia wewe ni mvivu. Nawe utaamini, kwa sababu karatasi haina aibu.

Au tuje karibu na nyumbani. Mwaka 1986 watafiti waliwapima wanawake wa Kikuyu na Kijaluo nchini Kenya, wakakuta kwamba wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Mwaka 1995 ikaelezwa kwamba siri ilikuwa kwenye mwendo: mwili wao ulibembea kama timazi, ukipoteza nguvu kidogo kwa kila hatua. Habari hiyo ikazunguka dunia, na tukapata msemo mwingine wa kisasa, kwamba mwanamke wa Kiafrika ameumbwa kubeba. Kisha mwaka 2010 wengine wakawapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini waliozoea kubeba kichwani. Waligundua kwamba wanatofautiana sana: wachache walibeba kwa wepesi ule, wengine walichoka kama mtu yeyote. Hakuna shingo ya Kiafrika. Kuna shingo ya huyu na shingo ya yule.

Bibi yangu, huko Uyui, alinieleza hayo bila mashine ya kupimia pumzi. Nilimuuliza alianzaje kubeba ndoo. Akasema hakuanza na ndoo, alianza na kibuyu, kisha kibuyu kikubwa, kisha mtungi; ndoo ya lita 20 ilikuja akiwa mke wa mtu. "Na ngata," akasema, "ngata unasuka mwenyewe. Ya mwenzio itakuangusha." Nilitaka kuishia hapo, niondoke na hekima yangu. Akaongeza kwamba shingo humuuma kila usiku, na kwamba dada yake hakuweza kamwe kubeba kichwani, alibeba mgongoni, akachekwa maisha yake yote, na leo ndiye anayetembea wima. Nikanyamaza. Nilikuwa naelekea kumfanya bibi yangu bango la jimu.

Kwa hiyo naukataa pia ule upande wa pili, wa vijana wenzangu wanaoandika kwamba wazee wetu hawakwenda jimu na walikuwa na nguvu, basi tuache vyuma tukalime. Mwenye kusema hivyo huwa hajalima. Yeye na kocha wanakosea kwa namna moja: mmoja anatuletea mwili wa babu, mwingine mwili wa mtu wa kwenye simu, na hakuna anayeuliza mwili uliopo mbele yake umelalaje jana.

Wapo pia wanaosema kwamba mtu akiachiwa kuchagua atachagua uvivu. Sikubali. Kuchagua ni kazi ngumu kuliko kufuata karatasi, maana kunakudai ujijue. Unakwenda wapi? Anayetaka kunyanyua uzito mkubwa mara moja ni lazima azoee uzito mkubwa. Hakuna njia ya mkato. Anayetaka tu misuli ijengeke ana nafasi pana, kwani utafiti umeonyesha kwamba hata uzito mwepesi huijenga, mradi urudie hadi ukaribie kushindwa. Ndoo ya mchanga inatosha. Anayetaka kupanda na kushuka ngazi bila kuugulia akiwa na miaka 60 ana mahitaji mengine kabisa. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili kwa wiki. Mbili, wala si tano.

Kisha: umeumbwaje? Mwenye mapaja marefu akichuchumaa na chuma mabegani atainama mbele zaidi ya mwenye mapaja mafupi, na hilo si kosa la kufokewa. Mwenye mikono mirefu ananyanyua kutoka sakafuni kwa nafuu kuliko mwenye mifupi. Mimi nina mapaja marefu na mikono mifupi. Kwa kile chuma nilikuwa mtu wa mwisho kupewa, si wa kwanza. Na mwisho: unaishije? Unakula mara ngapi, unalala saa ngapi, kutwa umebeba nini tayari? Muuguzi aliyegeuza wagonjwa usiku kucha ameshamaliza seti zake.

Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro leo wana kikomo cha kilo 20 za mzigo wa mgeni, na mizigo hupimwa kwenye mizani langoni. Kikomo hicho hakikuwekwa kwa sababu Wachagga ni dhaifu kuliko Wanyamwezi wa zamani. Kiliwekwa kwa sababu waliobeba walikuwa wanaumia, na watu wakasema jambo hilo hadi likasikika. Namtaka kila kijana anayeingia jimu awe na mizani yake langoni namna hiyo.

Nimerudi jimu. Nabeba ndoo mbili za mchanga, moja kila mkono, natembea uwanjani chini ya mwembe na kurudi. Nilianza na kilo nane kila upande, sasa niko kumi na nne. Nafanya siku mbili. Wengine wanaona ni kichekesho, na kocha hupiga kelele kutoka mlangoni kwamba Wanyamwezi siku hizi ni wachota maji. Ni haki yake, ni mtani. Lakini wiki iliyopita alikuja binti mpya, karani wa ofisi moja mjini, na kabla hajampeleka kwenye chuma nilimsikia akimuuliza kiuno chake kiko vipi.

Karatasi bado iko ukutani. Basi siku utakaposimama mbele ya karatasi kama ile, na mtu akakuletea ule msemo, au mwingine unaofanana nao wa kabila lako, jinsia yako au umbo lako, usikimbilie kuinama. Muulize: mzigo gani, kilo ngapi, unakwenda wapi, na ujira anapata nani? Mpagazi wa Unyanyembe aliuliza hayo yote kabla ya kuweka bega, na akiona majibu hayaeleweki, alirudi kwake kulima.