Bolti Iliyolika Pembe: Usikimbilie Kitoa-bolti

Leo tuziweke programu kando kidogo, tuzungumzie chuma. Swali ni hili: bolti iliyolika pembe kwenye fremu ya baiskeli ya milimani itolewe vipi? Wengi hujibu haraka: toboa, ingiza kitoa-bolti, zungusha. Mimi napinga.

Chukua baiskeli ya rafiki yangu, niliyoishughulikia juzi. Bolti yenyewe ni ile inayofunga kalipa ya breki ya diski kwenye fremu, upande wa nyuma. Ni M6, yaani unene wake ni milimita 6, na kichwani ina shimo la pembe sita la kuingizia spana ya L ya milimita 5. Fundi mmoja alikuwa ameizungusha kwa spana iliyochakaa hadi pembe zote zikalika, shimo likawa duara. Rafiki yangu alikuja na kitoa-bolti mkononi, kile kipande cha chuma chenye nyuzi za kinyume. Nilimwambia akiweke mfukoni kwanza.

Sababu yangu ni kwamba kwenye fremu kama ile hakuna nati. Bolti inajifunga kwenye nyuzi zilizochongwa ndani ya fremu yenyewe. Bolti mpya ni pesa kidogo, lakini fremu ndiyo baiskeli. Kitoa-bolti nacho ni chuma kigumu sana, na vitu vigumu hivyo hukatika ghafla. Kikikatikia ndani, drili ya kawaida haitakitoboa. Hapo ulikuwa na tatizo dogo, sasa una kubwa.

Sisi watu wa programu tumezoea kujiaminisha: tukiharibu, tunarudi kwenye nakala ya jana. Chuma hakina nakala. Kwa hivyo anza na hatua ambayo, hata ikishindwa, inakuachia hatua nyingine.

Kwanza, toa gurudumu na pedi za breki, maana pedi zikilowa mafuta breki haitashika vizuri. Safisha tope shimoni, weka mafuta ya kulegeza kutu, uache usiku kucha.

Pili, chukua biti ya nyota ya T30 na uipigilie kwa nyundo. Upana wake ni takriban milimita 5.6, kwa hivyo hujichimbia nafasi kwenye shimo lililolika, na mapigo yenyewe hutikisa kutu. Kisha zungusha polepole.

Tatu, ikikataa, kumbuka kichwa bado kiko nje. Kipige tupa pande mbili zinazotazamana hadi ziwe bapa, ukishike kwa spana ya milimita 8.

Nne, toboa kichwa chenyewe kwa biti pana kidogo kuliko milimita 6 hadi kikatike, na usiende ndani zaidi. Watu huogopa hatua hii, lakini hebu fikiria: bolti iliyokazwa imevutwa kati ya kichwa chake na nyuzi za fremu. Kichwa kikiondoka, mvuto ule umekwisha. Kalipa inatoka, na kijiti cha bolti kinabaki kimechomoza nje. Kishike kwa koleo la kujifunga. Kama kutu haijakamata sana, kitatoka bila vita.

Kitoa-bolti kije baada ya hayo yote. Ile ya rafiki yangu ilikubali katika hatua ya pili.

Kuna atakayesema kwamba fundi mwenye foleni ya wateja hana usiku mzima wa kusubiri mafuta yaingie. Namwelewa, riziki ni riziki. Lakini fremu ikiharibika, atakayebaki na hasara ni mwenye baiskeli. Ni haki yako kumwuliza fundi kabla hajawasha drili: hii ikishindwa, utafanya nini? Akikosa jibu, chukua baiskeli yako.

Na bolti ikishatoka, usiirudishe. Weka mpya, na upake grisi kwenye nyuzi, hasa ikiwa bolti ni ya chuma cha pua na fremu ni ya alumini, maana metali hizo mbili zikikutana na maji, alumini huliwa na bolti hukwama. Halafu nunua spana ya L mpya. Ile ya zamani, yenye ncha za mviringo, ndiyo itakayokula bolti inayofuata.