Mwalimu Asipoingia, Je, Somo Limekufa?

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii sote twaijua, na katika insha twaiandika kwa mbwembwe. Lakini mwalimu akichelewa dakika tano tu, madawati yanageuka ngoma. Huyu anasimulia mpira wa Uingereza, yule kalaza kichwa dirishani, na monita anajaza karatasi majina ya wapiga kelele. Ukiuliza kulikoni, utajibiwa, "Kwani hujui mwalimu hayuko?" Ati mwalimu hayuko, basi somo limekufa! Mimi nasema la, hasha.

Wapenzi wasomaji, hoja yangu ni hii: prepu ya jioni isigeuzwe kipindi cha kuimliwa noti, na kipindi ambacho mwalimu hayupo kiwe chetu cha kujisomea. Kujisomea si kukaa kimya kama maji mtungini huku umekikodolea macho kitabu. Ni mwanafunzi kujua anatafuta nini, akitafute, kisha ajipime kama amekipata.

Tuchukue mfano wa Kiswahili, maana ndio uwanja wetu. Katika KCSE karatasi ya kwanza ni insha mbili, kila moja alama 20. Jamani, ni mwalimu gani atakayekuimlia insha ambayo swali lake hajaliona? Noti zitakupa muundo wa barua rasmi au kumbukumbu. Hoja, msamiati na mtiririko utavitoa kichwani mwako. Anayengoja kulishwa kama kinda la ndege atafika pale akiwa mdomo wazi.

Wako watakaosema, "Waachieni hao wasome peke yao, mwone kama hawatalala!" Kweli, usingizi wa prepu naujua, hasa baada ya githeri. Lakini twalala kwa sababu hatuna la kufanya ila kutazama kurasa. Dawa yake haihitaji hata senti. Geuza kichwa cha mada kiwe swali. Soma. Funga kitabu. Andika yote unayokumbuka bila kuchungulia, halafu fungua ujisahihishe kwa kalamu nyekundu. Palipo pekundu ndipo pa kurudia kesho. Ukisoma ukurasa mara tano kitabu kikiwa wazi, utadhani umeelewa, kumbe macho yameuzoea tu. Kisha tukae watano watano, tuulizane. Yatakayotushinda sote tuyaandike katika daftari moja, na mwalimu akija akute maswali yanamngoja. Hapo hatakuwa amepokonywa kazi. Atafundisha palipotushinda badala ya kurudia tunayoweza kujisomea.

Lipo jambo linaloniuma zaidi. Kila muhula wako wenzetu wanaotumwa nyumbani kuleta karo. Wengine hukaa wiki mbili, na wakirudi hukuta mada nzima imepita. Aliyezoea kunakili ubaoni tu huazima daftari, akanakili usiku kucha, na asiyoyaelewa yakabaki vile vile. Lakini aliyezoea kujisomea huondoka na kitabu chake na orodha ya maswali. Akimaliza kuchota maji, anaketi na kuendelea. Karo itamtoa darasani, haitamtoa masomoni.

Wala jambo hili si la wachache. Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona, na wengi wetu hatukurudi hadi Januari 2021. Mwenye karo na asiye nayo wote walikuwa nyumbani. Aliyejua kujituma alipata faida.

Tena tumtazame Shaaban Robert tunayemsifu kila mara chamani. Alisoma shule Dar es Salaam kutoka 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa karani wa forodha. Hakungoja mtu amwandikie noti za ushairi. Alisoma na kuandika kwa juhudi zake, na alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameacha hazina tunayoifaidi hadi leo.

Wadogo zetu wa mtaala mpya wamewekewa kujifunza namna ya kujifunza kuwa mmoja kati ya umilisi saba wa kimsingi. Je, sisi wa Kidato cha Tatu, tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, tuwe makapi kwa kuwa tu mfumo wetu wa 8-4-4 unaaga?

Walimu wetu wapendwa, twaomba muhula mmoja tu wa majaribio. Tukishindwa, rudini na noti zenu, hatutanung'unika. Nanyi wenzangu, tukipewa nafasi hiyo tukaifanya soko, tusimlaumu mtu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wetu ni chumba cha mtihani, ambamo mwalimu haruhusiwi kutunong'oneza. Shime, tuanze leo jioni!