Mafuta ya Taa Yatoke Kwenye Chupa ya Soda

Mtoto akinywa mafuta ya taa, majirani huuliza kwanza: mama yake alikuwa wapi? Swali hilo ni la kuonea, wala halimwokoi mtoto wa kesho. Mwenye sufuria jikoni, mgeni mlangoni na kichanga mgongoni hawezi kumkodolea macho mwanawe wa mwaka mmoja na nusu kutwa nzima. Tutazame alichokiona mtoto mwenyewe: chupa ya soda, sawa na ile aliyonyweshwa sikukuu, imesimama sakafuni kando ya kibatari, kifuniko chake kimelegea. Sisi tuliomzoesha kwamba chupa hiyo ni ya kinywaji ndio tuliomtegea mtego. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tuanze na vyombo na mahali tunapoviweka, kabla ya kudai macho ya mama.

Ushahidi upo. Katika utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1994, familia zilipewa vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko vinavyomshinda mtoto kufungua, na visa vya watoto kunywa mafuta hayo vikapungua kwa karibu nusu. Akina mama walikuwa walewale. Kilichobadilika ni chombo. Najua nitajibiwa kwamba vifuniko vya aina hiyo ni adimu madukani kwetu, na kwamba maskini hununua mafuta ya kupima, ya siku mbili tatu. Ni kweli. Lakini kidumu kisichofanana na chupa ya kinywaji, kikatundikwa kwenye msumari juu ya kimo cha mtu mzima, mbali na moto, hakihitaji utajiri. Muuza duka naye akatae kumimina mafuta kwenye chupa ya soda au ya maji. Wengine watasema mtoto achapwe, atakoma. Wa umri huo fimbo ya jana haimzuii leo. Atalia, kisha atarudi palepale.

Na akishakunywa, tuache kumpa maziwa au kumtia kidole kooni. Mafuta yanaporudi kwa kutapika huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Apelekwe hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe, hata kama bado anacheza, kwa sababu kikohozi na kuhema kwa shida huweza kuanza saa kadhaa baadaye.